Mkono wa Mzee Ntandu

Witness, binti aliyerithi meza yangu pale maabara, aliniomba kabla sijastaafu nimwandikie kurasa mbili za jinsi ya kushika RNA bila kuiharibu. Nikamwambia nitaandika. Sasa nimekaa nyumbani Singida Mjini, kuku wananitazama kana kwamba wanauliza mbona mama haendi kazini, na nimeona kurasa mbili hazitoshi. Mambo ya barafu na usafi yanaenea kwenye ukurasa mmoja. Yaliyobaki ndiyo yanayonifanya niamke alfajiri nikitafuta koti jeupe ambalo nimekwisha kulirudisha stoo.

Basi nawaandikia ninyi nyote mnaobaki pale kituoni. Anayetaka kujua nilipandaje madaraja akaulize ofisi ya utumishi, wao wanakumbuka kuliko mimi. Mimi nakumbuka mikono, harufu ya spiriti, na mzee mmoja wa Mungaa aliyekuwa anakaa nje ya dirisha langu akingoja nimwamkie.

Nilianza nikiwa msichana mwembamba, fundi sanifu maabara niliyetoka chuoni na viatu vya kuazima. Siku ya kwanza nilikabidhiwa hadubini yenye lenzi iliyoota ukungu na trei ya vioo vyenye damu ya ng'ombe wa Sepuka. Nikaambiwa nitafute vijidudu vya ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Sikuiona. Nikatafuta mpaka jicho likatoa machozi, na nilipokwenda kusema hakuna kitu, mkuu wa maabara akaja, akageuza kile kioo juu chini, akaondoka. Nilikuwa nimekiweka kichwa chini miguu juu. Ndivyo nilivyoanza utaalamu.

Miaka mingi nilifanya kazi hiyo hiyo ya damu, kinyesi na minyoo. Niliipenda. Ng'ombe hana maneno mengi, damu yake haidanganyi, na mwenye ng'ombe akija kuchukua majibu anakusikiliza kuliko anavyomsikiliza padri. Nilidhani nitastaafia hapo, kwenye minyoo.

Ndipo akaja Daktari Rukia. Huyu alikuwa mtoto wa dukani pale mjini, baba yake akiuza vitambaa karibu na soko, bibi yake mtu wa Pangani aliyeolewa bara. Alikwenda kusoma mbali, akarudi na shahada, miwani minene, na makatoni ambayo hatukuruhusiwa kuyaweka juani. Kwa umri alikuwa mdogo wangu, akiniita dada Paulina. Kwenye kazi alikuwa mwalimu wangu, na mwalimu mkali.

Siku ya kwanza ya RNA aliniambia, "Leo usiguse chochote."

"Nitajifunzaje bila kugusa?"

"Hilo ndilo somo lenyewe, dada. Umemaliza nusu yake."

Nilikasirika siku nzima. Baadaye nikaelewa. RNA ni uzi mwembamba mno, na ngozi ya mtu, kila mtu, ina kimeng'enya cha kuukatakata. Kimo kwenye jasho na kwenye mate, kimo hata kwenye pumzi ya mtu anayependa kuongea kazini. Hakifi kirahisi, ukikichemsha kinapoa na kuendelea na kazi. Ukigusa mdomo wa kichupa kwa kidole kitupu, umemaliza.

Wageni wa jambo hili naomba wanivumilie kidogo, wenyeji rukeni aya. Ndani ya seli kuna kitabu kikubwa cha maagizo, na kitabu hicho hakitoki chumbani. Agizo likitakiwa, seli inanakili kipande kwenye uzi wa RNA, uzi unatoka, unasomwa, protini inatengenezwa. Hayo tulifundishwa chuoni. Ambayo hatukufundishwa ni kwamba kuna RNA nyingine, fupi kabisa, zisizobeba agizo lolote la protini. Kazi yake ni kuzuia. Inakwenda kulishika agizo refu pahali wanapofanana herufi, na agizo lile linakaa bila kusomwa au linaharibiwa.

"Kwa hiyo hizi kazi yake ni kukataza tu?" nilimuuliza Daktari.

"Dada Paulina, una watoto?"

"Watatu."

"Uliwalea kwa kuwaambia fanya, fanya, peke yake?"

Nilikuwa nimewalea kwa kuwaambia acha.

Msuli unakua hivyo hivyo. Mnyama akiwa tumboni mwa mama yake, seli changa za msuli kazi yake ni kugawanyika tu, moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Lakini seli inayogawanyika haiwezi kuwa msuli. Lazima ifike mahali iache. Ikiacha, inajinyoosha, inajipanga na wenzake, wanaungana na kuwa uzi mmoja mrefu wenye viini vingi, na uzi huo ndio unaovuta na kuachia. Zipo RNA ndogo zinazoshika maagizo ya kuendelea kugawanyika, ili seli ikomae. Ipo nyingine inayotaka seli ziendelee kuongezeka kwanza. Na cha ajabu, hizi mbili zinazovutana zinanakiliwa jirani kabisa kwenye kitabu kile, zimetoka boma moja. Daktari alipenda kulisema hilo, kisha anatazama kama nimecheka.

Alichotaka yeye ni mbuzi wekundu wa Mungaa. Alikuwa amesoma habari za kondoo fulani wa Ulaya ambao herufi moja tu iligeuka kwenye agizo la protini inayopunguza ukuaji wa misuli. Kwa kugeuka huko, RNA ndogo za msuli zikapata pa kulishika lile agizo, kizuizi kikapungua, kondoo wakajaa mapaja. Nikamwambia kwetu Mungaa kuna mzee mmoja, Mzee Ntandu, ambaye mbuzi wake wekundu wana miguu mifupi na mapaja yaliyoshiba hata mwaka wa njaa, wanapokula maganda ya migunga tu. Daktari aliweka kikombe cha chai chini. Kesho yake tulikuwa njiani.

Mzee Ntandu alimjua baba yangu, walichunga pamoja. Alitusikiliza akiwa amejiegemeza kwenye fimbo, akauliza swali moja: "Nyama yangu itakwenda wapi?" Tukamweleza kwamba tunahitaji kipande kidogo cha paja, kama ncha ya kidole, cha mwanambuzi dume. Nyama iliyobaki ni yake. Akakubali, kwa sharti kwamba atamleta mbuzi mwenyewe mpaka kituoni, atasimama anapochinjwa, na ataona kile kipande kinaingia wapi.

Ndivyo alivyofanya. Anafika na mwanambuzi asubuhi, mchinjaji wetu anachinja kwenye banda la nyuma, Daktari anakata kipande, kinaingia kwenye deli la barafu, mimi nakipokea ndani na kuanza kusaga. Na kila mara, baada ya kitambo, mlangoni: "Hodi humu!"

Kila mara RNA iliharibika.

Mnaojua jeli mnaelewa uchungu wake. RNA nzima ukiipitisha kwa umeme kwenye jeli unaona mistari miwili iliyokolea. Iliyoharibika inakuwa moshi mtupu kutoka juu mpaka chini. Na msiniambie kwamba RNA ndogo ni ngumu kufa kuliko ndefu. Ni kweli, lakini RNA ndefu zikikatikakatika, vipande vyake vinajichanganya na zile ndogo, na hapo huwezi tena kujua nani ni nani. Mbuzi tuliochukua machinjio ya mjini walitoa mistari miwili safi, kila mara. Wekundu wa Mungaa walitoa moshi, kila mara.

Tulilaumu safari, tukampumzisha mwanambuzi siku nzima kabla ya kumchinja. Moshi. Tukalaumu vumbi, maana upepo wa Singida hauombi ruhusa, tukaziba madirisha kwa gundi ya karatasi mpaka tukawa tunatokota humo ndani. Moshi. Tukalaumu maji, kisu, barafu. Mchinjaji alisema mbuzi wale wana neno, na siku hiyo hata mimi Mkristo wa kila Jumapili nilimsikiliza kidogo.

Wakati huo mvua zilikuwa zimegoma. Mzee Ntandu akatuambia anauza. Wekundu walikuwa wamebaki majike wachache, beberu alikuwa amekwisha kufa, na waliokuwa na mimba walikuwa wawili tu. "Hawa wawili wakizaa, basi," alisema. "Mwaka huu mbuzi ananiangalia kama ananidai majani." Daktari aliingia ofisini akafunga mlango. Nilijua analia, kwa sababu alitoka amefuta miwani mpaka inang'aa.

Jike mmoja alizaa mapema, pacha madume. Mzee akamleta mmoja. Siku hiyo Daktari alimwachia mchinjaji akate kile kipande, akavuta stuli, akakaa kona ya maabara. Akasema, "Leo sifanyi kitu. Nakutazama mikono."

Hakuna kinachoudhi kama kutazamwa mikono na mtu mwenye miwani. Nilifanya kila kitu kama alivyonifundisha. Meza nilipangusa, glavu nilivaa, vichupa vilikaa barafuni. Nikaanza kusaga. Mlangoni: "Hodi humu!"

"Karibu, mzee."

Mzee Ntandu akaingia, kofia mkononi. Nikavua glavu ya kulia, nikaiweka pembeni, nikainama goti kidogo, nikampa mkono na wa kushoto nikaushika kiwiko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Za tangu asubuhi? Baba mguu unaendeleaje? Na wale watoto?"

Akaongeza maswali ya kwetu kwa Kinyaturu, nikajibu yote, maana salamu ya nusu ni tusi. Daktari naye akainuka, akatoa mkono, akaamkia. Mzee akatazama kipande chake kikiwa kwenye kichupa, akaridhika, akatoka. Nikaokota glavu yangu, nikaivaa, nikarudi kwenye kazi.

"Simama hapo," Daktari akasema.

Nikasimama.

"Hiyo glavu umeivaaje?"

Nikatazama. Niliivaa kama mtu yeyote anavyovaa glavu, kwa kuivuta kwa vidole. Vidole vile vile vilivyotoka kwenye mkono wa mzee, vimeshika glavu kwa nje, na sasa glavu ile ile imeshika kichupa.

Daktari alianza kucheka, akacheka mpaka akashika meza, kisha akaitazama meza kwa hofu akaiachia. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Tumeziba madirisha, tumemsingizia mbuzi wa watu. Na mimi mwenyewe nimeinuka hapa nimempa mkono, sikuona kitu!"

Mtaniuliza kwa nini hatukuvaa glavu mpya. Kwa sababu boksi la glavu lilifungiwa kabatini kama sukari ya wageni, na kuvaa mpya kwa ajili ya salamu ingeonekana kufuru. Na kwa nini hatukumwamkia na glavu? Daktari mwenyewe alilitoa wazo hilo, kabla hajalimaliza akatikisa kichwa. "Bibi yangu angefufuka," alisema. Kumpa mzee mkono uliovikwa mpira ni kumwambia unamwogopa kama kidonda. Mbuzi wa machinjio walitoka salama kwa sababu hakuna aliyekuja kuwasindikiza na kutaka salamu.

Alikuwa amebaki pacha mmoja. Na sasa ilibidi mtu akamwambie Mzee Ntandu.

"Wewe ni mtoto wa kwao," alisema Daktari.

"Wewe ndiye daktari."

"Mimi atasema mtoto wa mjini hana adabu."

"Na mimi atasema nimeharibiwa na mjini."

Nilikwenda mimi. Nilimkuta nyuma ya banda akifunga nyama yake kwenye gunia. Nilizunguka, nikauliza habari ya mvua, ya shamba, ya jike aliyebaki, mpaka akasema, "Sema, binti. Umenizunguka kama mwewe." Nikasema. Nilieleza kwamba kwenye ngozi kuna kitu, kwamba si yeye, ni watu wote, mimi pia, Daktari pia, hata askofu angekuwa nacho. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mkono wangu ndio unaoua mbuzi wangu," akasema.

"Hapana, mzee, siyo..."

"Mkono huu ulikubeba ulipobatizwa."

Akafunga gunia, akaondoka. Hakuniaga. Nilibaki pale bandani na harufu ya damu, nikatamani ardhi inimeze. Jioni ile nilimwambia mume wangu kwamba nimemfukuza mzee wa watu kwa ajili ya uzi usioonekana, naye akasema maneno ambayo hayakunisaidia.

Simu ya Mzee Ntandu ilikuwa inaita bila kupokelewa. Daktari alikuwa anaingia kila asubuhi, ananitazama, natikisa kichwa. Mwanambuzi anakua upesi, na sisi tulimtaka akiwa mchanga, misuli yake ikiwa bado inaamua iongeze seli au ikomae. Kila juma lililopita lilikuwa linatupokonya kitu. Jike wa pili, tukasikia kwa mtu wa sokoni, alikuwa ameharibu mimba. Sasa dunia nzima ya wekundu wale ilikuwa kwenye mwanambuzi mmoja, na mwenyewe hataki kutusikia.

Asubuhi moja nikiwa ndani naosha vioo, nikasikia mbuzi analia nje. Nikachungulia. Mzee Ntandu alikuwa ameteremka kwenye bodaboda, mwanambuzi mwekundu akiwa kifuani mwake ndani ya koti, kichwa kimetokeza. Akamkabidhi kwa mchinjaji. Akasimama pale mpaka mwisho, kama kawaida yake. Kisha badala ya kuja mlangoni, akaenda kwenye lile benchi la ubao lililo chini ya dirisha letu, akakaa, fimbo katikati ya magoti. Akasema kwa sauti ya kutosha sisi wa ndani tusikie:

"Msiniamkie. Fanyeni kazi. Mkono wangu nitauchukua jioni."

Sikujibu, maana ningejibu ningelia, na machozi nayo yanakata RNA.

Nimefanya kazi nyingi maishani. Ile ndiyo niliyoifanya vizuri kuliko zote. Kipande tuligawa nusu kwa nusu: nusu ya kusaga na kutoa RNA, nusu ya kutoa seli hai. Upepo ulivuma kutwa nzima, na kwenye kioo nilikuwa naiona kofia yake tu, haiondoki. Mchana mlinzi alimpelekea chai. Jua likazunguka likamfikia, akasogea mwisho wa benchi, likamfuata, akaacha kusogea. Daktari hakusema neno tangu asubuhi isipokuwa "barafu" na "polepole".

Jioni nilipoweka kichupa cha mwisho kwenye friza, nilivua glavu zote mbili, nikazitupa, nikatoka. Vidole vilikuwa vimekunjamana kwa jasho. Nikapiga goti lote mpaka chini, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nikiwa mtoto.

"Shikamoo, mzee."

Aliushika mkono wangu muda mrefu, akaugeuza, akautazama. "Marahaba," akasema. "Mkono umekuzidi umri." Kisha akaanza: baba mguu unaendeleaje, na wale watoto. Yote, kuanzia mwanzo, kama deni la kutwa nzima. Daktari akatoka naye akapokea zamu yake.

Kesho yake jeli ilitoa mistari miwili.

Zile seli hai tulizigawa pia. Nyingine tuligandisha kwenye mtungi wa naitrojeni, nyingine tukazipanda kwenye sahani. Seli za msuli ukizilisha vizuri zinaongezeka tu, ukitaka zikomae unazipunguzia chakula. Kanuni ilitaka seramu kidogo ya farasi, yale maji ya damu yake, ikabidi itoke ng'ambo. Punda wa Singida ni wengi kuliko wenye punda, lakini aliyeandika kanuni hakuwahi kukutana nao. Siku baada ya siku seli zikaacha kugawanyika, zikajinyoosha, zikapangana, zikaungana kuwa nyuzi. Na asubuhi moja niliweka jicho kwenye hadubini, uzi mmoja ukastuka. Ukatulia. Ukastuka tena.

Nilimpigia Mzee Ntandu kabla sijamwita Daktari. Alikuja, akauliza mlangoni, "Niingie?" Akaingia na mikono ameiweka nyuma, fimbo ameishika kwa nyuma, kana kwamba anapita kwenye duka la vyombo vya udongo. Akainama, akaweka jicho. Alikaa pale muda mpaka nikauogopea mgongo wake.

"Inacheza," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Huyu si tulimchinja?"

"Ndiye."

Alinyanyuka, akapangusa jicho, akasema moshi wa mjini unawasha.

Tulichokipata kwenye zile RNA sitawadanganya kwamba kilitikisa dunia. Mbuzi mmoja hathibitishi jambo. Daktari aliandika ripoti yenye neno "huenda" kwenye kila ukurasa, na akasema tunahitaji wekundu wengine. Wakati huo Mzee alikuwa amekwisha kuuza majike wote. Wamekwenda mnada, wamekwenda supu, nani ajuaye. Wekundu wa Mungaa wakabaki kwenye mtungi, vichupa vichache.

Ule mtungi ndio niliokuwa naujaza kila naitrojeni ilipofika. Mnakumbuka mlivyonicheka kwamba naupapasa kama mjamzito. Mwaka ambao gari la naitrojeni lilikwama barabarani, kiwango kilishuka mpaka nikatia kijiti kupima kikarudi karibu kikavu. Sikuwahi kujua kama vichupa vya juu vilipona. Kukijaribu kimoja ni kukipoteza, basi nikaviacha, nikaishi na shaka yangu.

Mzee Ntandu aliendelea kuja. Hana mbuzi, hana shida, amekuja gulioni tu. Anakaa kwenye benchi, anangoja glavu zivuliwe. Na nyie mliokuja baadaye kutoka Mwanza na Dar mkakuta desturi kwamba pale kwetu mgeni hapewi mkono mpaka jioni, mkadhani ni sheria ya wizara. Ilikuwa sheria yake. Alipofariki nilikwenda Mungaa kuzika. Mjane wake alinishika mkono akaniambia, "Alikuwa akirudi anasema, leo nimengoja vizuri." Daktari Rukia alikuwa amekwisha kuhamia chuo kikuu. Alinipigia usiku ule tukanyamaza pamoja kwenye simu, tukila vocha bure.

Ninavikosa vitu vya ajabu. Ninakosa mlio wa pipeti, ubaridi wa deli kwenye goti, na Daktari kusema "polepole" kabla sijakosea. Zaidi ya yote ninakosa kuwa na kofia nje ya dirisha. Mtu akikungoja unafanya kazi vizuri, hilo naomba mliandike kwenye ule ukurasa wa kwanza.

Juma lililopita Witness alinipigia. Wekundu wametakiwa tena, kuna mwanafunzi wa Daktari anayetaka kuendelea pale tulipoishia. Wameyeyusha kichupa kimoja cha juu, seli zimeshika sahani kwa shida, wamepunguza chakula. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kutazama. "Njoo, mama," akasema, "mimi peke yangu naogopa."

Nilichukua bodaboda. Nilipofika kituoni, mlinzi alitaka kunifungulia mlango wa maabara, nikamkatalia. Nikamwona Witness dirishani, glavu mikononi, ameshtuka, anataka kuzivua aje.

"Usiniamkie," nikamwambia. "Fanya kazi."

Nikakaa kwenye benchi. Ubao umelegea upande mmoja, sikuwahi kujua, maana sikuwahi kulikalia. Upepo ulikuwa ule ule. Jua lilinizunguka, nikasogea, likanifuata, nikaacha kusogea. Mlinzi akaniletea chai. Nilikuwa nataka kuinuka nichungulie, sikuinuka. Niliwaza kile kijiti kilichotoka kikavu, nikawaza mwanambuzi ndani ya koti, nikajua sasa Mzee alikuwa anawaza nini kutwa ile, na hakuna wa kumwambia kwamba nimejua.

Jioni Witness akatoka. Mikono mitupu, vidole vimekunjamana. Akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nilitaka kuuliza. Lakini salamu ya nusu ni tusi, na binti huyu amefundwa, akaanza: kuku wanaendeleaje, baba mzima, wajukuu. Nikajibu yote. Akauliza mguu wangu, ambao siku hizi unauma kama wa baba. Nikajibu mguu. Mkono wake haukuuachia wangu, na sikuweza kujua ni kwa heri au kwa shari.

Kisha akanivuta kuelekea mlangoni. Pale kizingitini nikakumbuka, nikautoa mkono wangu kwenye wake, nikaiweka yote miwili nyuma. Nikaingia, nikainama, nikaweka jicho.

Yule mwanambuzi alikuwa anacheza.